Mnara wa Nandete na Mwembe wa Kivinje

Katika kisiwa cha Songo Songo, ambako nimefundisha kwa miaka kadhaa, watoto wanaposikia neno mnara hufikiri kitu kimoja tu, nacho ni mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani katika kisiwa jirani cha Fanjove, ili vyombo visipande mwamba usiku. Siku moja nilikuwa nikisomesha habari za Vita vya Majimaji, nikawaambia ya kuwa huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, umesimamishwa mnara wa kuwakumbuka watu walioanza vita hivyo. Mtoto mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, akasimama akaniuliza, "Mwalimu, taa ya mnara huo huonwa kutoka wapi?" Wenziwe wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini nilipokuwa nikisahihisha madaftari yao usiku ule swali lile lilinirudia, nikatambua ya kuwa sikuwa na jibu la kumpa. Mimi mwenyewe nilijua ya kuwa mnara upo na vita vilikuwapo, lakini majina ya wale waliong'oa pamba siku ile ya kwanza sikuyajua.

Basi nimejaribu kuandika hapa niliyoyapata tangu siku hiyo, kwa kusoma na kwa kuuliza, juu ya kumbukumbu tatu zilizomo katika nchi ya Kilwa: nguzo ya Wajerumani wawili pale Kilwa Kivinje, mwembe walionyongewa watu katika mji huo huo, na mnara wa Nandete kule vilimani.

Kwanza neno lenyewe. Mnara umetoka katika Kiarabu, manara, maana yake mahali pa nuru au pa moto. Waswahili walipolisikia lile m- la mwanzo walilichukua kuwa ni kama la mti na mkono, wakasema minara kwa wingi, na neno likawa lao kabisa. Mtoto wa Songo Songo, basi, hakukosa hata kidogo; yeye ndiye aliyelishika neno kwa shina lake, na sisi wenye vitabu ndio tuliolisahau. Katika pwani nzima neno hili limepanuka. Ni mahali pa mwadhini pa kuadhinia, ni jengo la taa ya baharini, na ni nguzo ya ukumbusho. Kule Kilifi mji mmoja wa kale huitwa Mnarani.

Wengine husema ya kuwa kumsimamishia marehemu nguzo ya mawe ni desturi ya Wazungu iliyoletwa na meli. Si kweli. Atazamaye makaburi ya kale ya Kunduchi, au ya Kaole karibu na Bagamoyo, au ya Malindi, ataona nguzo ndefu za chokaa na matumbawe zilizosimamishwa juu ya makaburi ya watu wakubwa, nyingine zikiwa zimepambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa ndani ya chokaa. Zilisimamishwa miaka mia kadhaa kabla ya Mjerumani wa kwanza kuona pwani hii. Desturi ni yetu. Linaloulizwa katika kila nguzo ni nani aliyesimamishiwa, na nani aliyesimamisha.

Katika Kivinje jibu la maswali hayo si gumu. Mji huu, ambao wasema wazee umepata jina lake katika miti ya mivinje iotayo ufuoni, ulikuwa katika karne ya kumi na tisa bandari kubwa ya misafara itokayo Ziwa Nyasa. Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliwakodisha Wajerumani wa Kampuni ya Afrika ya Mashariki forodha za mrima. Mwezi wa Agosti watu wa kampuni wakaingia mijini kutwaa mamlaka, na pwani yote ikawaka kwa hasira. Pangani alitokea Abushiri bin Salim. Kilwa maofisa wawili wa kampuni, Krieger na Hessel, walikataa kuuacha mji. Watu wa mjini pamoja na Wayao wengi waliotoka bara wakaizunguka nyumba yao, na mwisho wa Septemba wote wawili wakauawa. Mwezi wa Mei 1890 askari wa Wissmann wakautwaa mji kwa mizinga. Wajerumani walipokwisha kutulia waliwasimamishia wenzao wawili nguzo ya ukumbusho, wakaandika majina yao.

Nguzo hiyo nimeiona mara nyingi, na sijapata kumwona mtu akisimama kuisoma. Silaumu. Maandishi yake ni ya Kijerumani, na waliokuwa wakiyasoma wamekwisha kwenda zao. Hata hivyo majina mawili yale yanajulikana katika vitabu kwa herufi zake zote, lakini majina ya watu wa Kilwa waliokufa katika mapigano yale hayakuandikwa juu ya jiwe lo lote.

Sasa nije kwenye mwembe, ambao habari yake yanigusa mwenyewe.

Hassan bin Omari, aliyejulikana zaidi kwa jina la Makunganya, alikuwa mtu mwenye nguvu katika bara ya nyuma ya Kilwa, wa asili ya Kiyao, mwenye misafara na bunduki na watu wengi. Hakukubali utawala wa Wajerumani. Mwezi wa Septemba 1894 aliushambulia mji wa Kivinje, akajaribu kuitwaa boma, akashindwa akarudi bara. Mwaka uliofuata Wissmann alirudi nchini, safari hii akiwa Gavana, akatuma jeshi la kumfuata. Makunganya akakamatwa, na zikapatikana barua kwa herufi za Kiarabu zilizoonyesha ya kuwa baadhi ya watu wenye heshima wa mjini Kivinje walikuwa wakimsaidia kwa siri. Mwezi wa Novemba 1895 akanyongwa Kivinje pamoja na wengine. Pale waliponyongewa pamebaki na jina mpaka leo, Mwembe Kinyonga. Habari zake zilitungiwa hata shairi, na Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa Gavana, alilipiga chapa katika kitabu chake cha nathari na mashairi ya Kiswahili mwaka 1907.

Juu ya jina hilo nina neno la lugha, na nina kosa la kuungama. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilipeleka watoto kutembea Kivinje, nikawaambia kwa ujasiri wote wa mwalimu mpya ya kuwa Mwembe Kinyonga ni mwembe uliokuwa na vinyonga wengi, yule mdudu abadiliye rangi ambaye wengine humwita lumbwi. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani akisuka ukili. Akaniacha nimalize, kisha akaniita kando, kwa adabu, ili watoto wasisikie, akasema, "Mwalimu, shikamoo haikuzidi elimu yako, lakini mti ule haukunyonga wadudu." Mimi ndiye niliyestahili kumpa yeye shikamoo, alinipa yeye, na aibu ile sijaisahau.

Nimelifikiri jina hilo tangu hapo. Mtu afanyaye kazi ya kunyonga, kwa desturi ya lugha yetu, angeitwa mnyongaji, au kwa mfano wa kinyozi na kiongozi, angeishia kwa -i. Hapa jina limeishia kwa -a. Lakini tunayo maneno mengine yaliyofanywa kwa ki- na kitenzi kizima, nayo hufuatwa na jina la kitu kitendwacho: kifungua kinywa, kifungua mimba, kichinja mimba. Naona mimi ya kuwa Kinyonga ya Kivinje ni neno la namna hiyo, na mwanzo wake lilikuwa na neno la pili nyuma yake, yaani kinyonga watu. Lile la pili likaanguka, labda kwa kuwa hapakuwa na haja ya kulitaja. Mwenye rai nyingine na aiandike. Lililo hakika ni kwamba watu wa mjini walilipa jina mahali pale bila ya serikali kuwaamuru, na jina limekaa midomoni zaidi ya miaka 120. Mwembe, kama kila mti, una mwisho wake. Lakini jina halihitaji fundi wala chokaa.

Na tena yafaa kukumbuka ya kuwa kumkumbuka marehemu penye mti ni desturi ya Wayao tangu zamani. Huweka unga wa sadaka chini ya mti wa msolo, na hapo huwataja waliotangulia. Waliomnyonga Makunganya juu ya mti hawakujua hata kidogo ya kuwa wanampa mtu wa asili ya Kiyao ukumbusho ambao watu wake wangeufahamu mara moja.

Lakini sasa nitasema neno ambalo wengine hawatalipenda. Katika ukoo wetu yasimuliwa habari ya mwanamke mmoja, nyanya wa babu yangu, aliyechukuliwa utotoni katika nchi za Ziwa Nyasa, akafungwa pamoja na wengine, akaletwa Kivinje kwa miguu, akauzwa, akapakiwa katika jahazi. Jahazi likakamatwa baharini na manowari ya Kiingereza, akapelekwa Unguja akiwa huru. Mwaka 1876 Askofu Steere alipowapeleka watu waliokombolewa bara ili wakae Masasi, alikuwamo miongoni mwao, na sisi ni uzao wake. Njia aliyoipita akiwa kifungoni ilikuwa njia ya misafara ya Kilwa. Misafara ya nani iliyomleta, sijaambiwa, wala simshitaki mtu kwa jambo nisilolijua. Lakini mwenye misafara wa Kilwa katika zama zile hakuwa mtu wa kuuza pembe peke yake. Makunganya alikuwa mkubwa wao.

Nitasimamaje, basi, mbele ya Mwembe Kinyonga? Mwanzo nilitaka kunyamaza, nikiwafundisha watoto ujasiri wake tu, kama vitabu vingi vifanyavyo. Baadaye nikaona ya kuwa nikifanya hivyo namnyima nyanya wa babu yangu hata lile neno moja. Siku hizi nawaambia yote mawili: ya kuwa mtu huyu alikataa kutawaliwa na wageni, akafa kwa ajili hiyo akiwa amesimama, na ya kuwa utajiri uliomwezesha kununua bunduki ulitoka katika biashara ambayo mateka walifungwa kamba shingoni. Watoto hawafadhaiki kwa hayo kama tunavyodhani. Wazazi wengine walifadhaika. Baba mmoja alikuja shuleni kuniuliza kama nimetumwa kuwatukana mashujaa. Tukazungumza mpaka saa sita, naye akaniambia ya kuwa hata kwao kuna nyumba mbili ambazo hazikuwa zikioana zamani, na kila mtu kijijini anajua sababu, lakini hakuna aisemaye.

Basi tupande sasa vilimani. Kutoka Songo Songo mtu huvuka bahari mpaka ufuo wa Samanga, ambao sasa huandikwa Somanga. Ni hapo hapo lilipopandia nchi kavu bomba la gesi ya kisiwa chetu, gesi iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004. Nyuma ya ufuo nchi yainuka kidogo kidogo, mpaka upate vilima vya Wamatumbi, Kibata na Kipatimu na Nandete. Nchi ya mabonde na mapango, ambayo watu wake hawakuzoea kuwa na mtawala mkubwa.

Wajerumani waliiweka nchi hii chini ya maakida. Akida wa Kibata alikuwa Sefu bin Amri, mtu wa pwani. Tangu mwaka 1902, kwa amri ya Gavana von Götzen, watu wa wilaya za kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida. Katika hesabu za serikali kazi hiyo ilikuwa siku 28 kwa mwaka. Katika mashamba yenyewe ilikuwa kiboko, na siku hazikuhesabiwa na mlimaji. Mahindi na mtama wa nyumbani vilikosa mikono wakati wa palizi. Na malipo yalipotolewa yalikuwa kidogo mno, hata wengine walikataa kuyapokea.

Wakati huo huo, huko Ngarambe karibu na mto Rufiji, mtu mmoja jina lake Kinjikitile Ngwale alipata sifa kubwa. Mwaka 1904, wasimulia wazee, alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akavutwa ndani ya kilindi cha maji, ndugu zake wakamlilia kwa kuwa amekufa. Kesho yake akatoka na nguo zake ni kavu. Akawaambia watu ya kuwa wafu wote watarudi, ya kuwa Wamatumbi na Wangindo na Wazaramo na wengine wote ni watu wa ukoo mmoja, na ya kuwa anayo dawa ya maji itakayozifanya risasi za Wazungu kuwa maji. Watu wakaenda Ngarambe makundi kwa makundi. Habari zilipelekwa kwa kunong'onezana, na jambo hilo Wamatumbi waliliita njwiywila. (Msomaji asichanganye Hongo huyu na hongo ya misafara, yaani ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu.)

Hapa ndipo penye jambo ambalo mafunzo yetu hulipotosha. Ukimwuliza mwanafunzi ye yote ni nani aliyeanzisha Vita vya Majimaji, atajibu Kinjikitile. Lakini wazee wa Umatumbi waliohojiwa na G. C. K. Gwassa katika miaka ya 1960, ambao baadhi ya maneno yao yalichapwa mwaka 1968 na Gwassa pamoja na John Iliffe, hawakusema hivyo. Wao walisema ya kuwa Kinjikitile aliwaambia wangoje. Wanywe dawa, warudi makwao, walime, wangoje mpaka atoe neno. Wakangoja mwaka mzima. Pamba ikapandwa tena, ikapaliliwa tena, na neno halikuja. Ndipo Wamatumbi wakashauriana: watawezaje kuwachokoza Wajerumani ili vita visiwe na budi kuja? Wakaona ya kuwa pamba ndiyo jambo lenyewe. Mwisho wa Julai 1905 watu wakaingia katika shamba la pamba pale Nandete wakang'oa. Wa kwanza walikuwa Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela.

Haya ndiyo majina ambayo sikuyajua. Hawakuwa wafalme wala waganga. Hatuna picha zao, wala hatusikii ya kuwa walitoa hotuba. Waliinama wakashika mashina machache ya pamba wakayavuta. Na kila mmoja aliyekuwapo alijua ya kuwa kufanya hivyo ni kutangaza vita na dola iliyowatwaa Abushiri na Makunganya.

Kisha ngoma zikapigwa kutoka kilima hata kilima. Akida Sefu akapata habari akatuma watu; wakarudishwa kwa vita. Kibata ikazingirwa. Siku chache baadaye Wamatumbi wakashuka pwani, maduka ya Samanga yakateketezwa. Kinjikitile alikuwa amekwisha kukamatwa kabla ya hayo, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa Mohoro. Yasimuliwa ya kuwa mbele ya kitanzi alisema si kitu wakimwua, kwa kuwa dawa imekwisha kufika mbali. Hapo alisema kweli: vita vilienea mpaka Liwale, Mahenge, Masasi na Songea.

Nasi wa misheni tunao wafu wetu katika vita hivyo, na sitawapita kimya. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa katika njia ya Liwale pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Nyangao na Lukuledi ziliharibiwa. Masasi, misheni ya babu zangu, ilichomwa moto. Nilipokuwa mtoto habari za Majimaji nilizisikia kwanza kwa upande huo: watu wakikimbia usiku, wakiangalia nyuma na kuona kanisa linawaka. Kwa muda mrefu sikuweza kuunganisha moto ule na pamba ya Nandete. Mtu aliyechapwa viboko katika shamba hakuwa na nafasi ya kupambanua Mzungu wa boma na Mzungu wa kanisa, hasa pale ambapo wote wawili walikula meza moja. Sisemi hayo ili kuuhalalisha uuaji wa masista. Nasema ili mwalimu asiusimulie moto wa Masasi kana kwamba uliwaka wenyewe.

Risasi hazikuwa maji. Na baada ya risasi Wajerumani wakachoma vijiji na maghala na mazao mashambani, hata njaa ikaua watu wengi kuliko vita. Serikali yao wenyewe ilihesabu wafu 75,000. Gwassa alikadiria ya kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Katika sehemu nyingine za kusini ardhi iliyokuwa mashamba ikarudi kuwa pori, na wanyama wakaitwaa. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliutungia msiba huo utenzi, uliochapwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, nao wastahili kuwamo katika kila maktaba ya shule ya kusini.

Sasa, mnara wa Nandete. Wengi wanaosikia juu yake hudhani ni mnara wa Kinjikitile, kwa kuwa jina lake ndilo walijualo, na zaidi tangu Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake mwaka 1969. (Hussein aliandika Kinjeketile, Gwassa aliandika Kinjikitile. Mimi nimefuata tahajia ya Gwassa, kwa kuwa aliichukua vinywani mwa wazee.) Tamthilia ni kitu kingine, na mwandishi wake ana ruhusa ya mtunzi. Lakini mwalimu amsimamishaye Kinjikitile juu ya kilima cha Nandete amemwondoa kilimani kila mtu mwingine. Nandete ni mahali pa wale waliochoka kungoja. Kinjikitile alikuwa Ngarambe, bondeni, penye maji. Na kwa habari za wazee, lililotendeka Nandete lilitendeka bila ya neno lake. Kuyachanganya mambo haya ni kusema ya kuwa wakulima wa pamba hawakuweza kuamua jambo lao wenyewe mpaka mtu wa miujiza awaamulie, na hilo ndilo walilolisema Wajerumani, waliopenda kuandika ya kuwa vita vimetokana na waganga na ushirikina, wala si na pamba yao.

Nilimjibu yule mtoto wa Songo Songo baada ya wiki tatu. Nilimwambia ya kuwa mnara wa Nandete hauna taa. Aliye chini ya kilima hawezi kuuona usiku. Nikaandika ubaoni majina mawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, nikawaambia wayaandike madaftarini. Walipata taabu na Ngulumbalyo. Mtoto yule akauliza kama walinyongwa nao juu ya mwembe. Swali hilo la pili nalo limenishinda mpaka leo, kwa maana katika niliyoyasoma majina yao hutokea penye pamba, kisha sikuyaona tena.

Kwa hiyo naomba msaada wa wasomaji, hasa walimu na mapadre walio Kipatimu, Kibata, Mohoro na Liwale. Kama katika parokia au kijiji chako wako wa uzao wa watu hao wawili, na wako radhi kusimulia, tafadhali yaandike maneno yao kwa lugha waliyoyasemea, Kimatumbi au Kingindo, pamoja na tafsiri, usiyanyoshe. Pia napenda kujua mambo mawili madogo ya lugha: kama Kimatumbi kina neno lake chenyewe la kuuita mnara ule, au watu husema mnara tu, na kama mahali lilipokuwa shamba lile la pamba pana jina, kama Kivinje walivyo na Mwembe Kinyonga. Barua zitumwe kwa Mhariri.